Mashine Inayolia Nikiingia

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku ya aibu, ingawa hakuna aliyeijua isipokuwa mimi.

Saa tatu asubuhi nililetewa bajaji. Bajaji ya kunichukua mimi! Dereva alisema ametumwa na Dokta Shadya wa ile kliniki ya Raskazone, anatafutwa mhandisi aliyerudi kutoka Muscat. Niligeuka kutazama nyuma yangu. Hapakuwa na mtu mwingine.

Kosa ni la Mboni. Hapana. Kosa ni langu. Mboni amelisambaza tu. Yeye ni binti wa dada yangu wa ziwa. Marehemu mama yake na mimi tulinyonya ziwa moja, la mama yangu, kule shambani Tongoni. Kwa hiyo mimi ni mjomba. Nilipofiwa na mke wangu, nikarudi Tanga baada ya miaka hamsini na miwili, Mboni hakuniuliza nimekuja kwa siku ngapi. Alinipa chumba cha uani, chandarua kipya na ufunguo. Ni mwalimu wa hesabu wa darasa la nne na hana muda wa maneno mengi. Majirani walipouliza nilikuwa nikifanya nini Uarabuni, alijibu: hospitali, kwenye mashine. Mmoja akadakia kwamba basi huyu ni injinia. Nilikuwa na kahawa mdomoni. Nilichotakiwa ni kumeza, kisha kusema hapana. Nilimeza.

Ukweli, na huu ni wa daftari hili peke yake: nilikuwa mtunza stoo. Miaka thelathini na mmoja. Vipuri vya mashine za hospitali vilipita mikononi mwangu vikiwa ndani ya maboksi. Najua jina la kila skrubu na droo ilimolala. Sijawahi kuzungusha hata moja.

Na nyumba ya kliniki naikumbuka. Zamani alikaa Mgiriki wa mkonge. Nikiwa na miaka minane nilikwenda pale na baba, kuzungumzia mpaka wa shamba. Tulisimama barazani, jua la saa saba, hadi mzee yule alipomaliza kula. Hatukukaribishwa ndani. Leo nimefunguliwa milango yote miwili, nikaitwa Injinia, nikavutiwa kiti. Nani angesimama pale kizingitini akasema yeye ni wa stoo?

Mashine yenyewe ina kimo cha mtoto wa miaka kumi. Juu ina kulabu za kutundikia mifuko ya dripu, katikati kioo chenye namba, chini chombo cha kupokea maji machafu. Dokta Shadya alinieleza kwamba inasukuma maji ya chumvi ndani ya sehemu ambayo mwanamume wa umri wangu haitaji kwa jina, sehemu itanuke, naye apitishe kamera aone anachokikata. Alieleza bila kupepesa macho. Mimi nilitazama dari. Sasa inalia. Alamu inasema maji yanasukumwa kwa nguvu kupita kiasi.

Niliizunguka mara moja, mikono nyuma. Nikasema, “Mhm.” Nikaomba nafasi. Sista Praxeda, muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwanamke wa Muheza mwenye macho ya karani wa mahakama, akavuta kitoroli cha vyombo anipishe. Papo hapo alamu ikanyamaza.

Gurudumu la kitoroli lilikuwa limeukanyaga mpira wa maji! Niliuona ukijaa tena, taratibu, kama mtu anayevuta pumzi. Hakuna mwingine aliyeuona. Wote walikuwa wakinitazama mimi.

Nilipaswa kusema. Nilisema, “Sasa iko sawa.”

Dokta alishika kifua kwa furaha. Akaniomba niwe mwangalizi wa mashine hadi Jumamosi, kwani Jumamosi ana mgonjwa asiyeweza kungoja.

Jioni Mboni alinieleza mgonjwa ni nani. Ni yeye. Uvimbe. Damu haikatiki wiki ya tatu sasa, naye alikuwa akiniambia ni uchovu wa mitihani. Dokta anataka kuutoa kwa njia ya kamera, bila kulipasua tumbo. Mboni ndiye aliyempa Dokta jina langu. Eti mashine ikiwa mikononi mwa mjomba, atalala usingizi wa dawa bila hofu.

Sikuweza kumaliza wali.

Jumanne, 5 Agosti

Nilivaa kanzu ya Ijumaa. Nilichukua bakora yangu ya mtobwe yenye fedha kichwani. Mhandisi lazima aonekane.

Jaribio la kwanza. Maji yatoke kwenye mfuko, yapite kwenye mpira, yaingie ndooni badala ya kwa mgonjwa, mashine iyavute tena na kuyapima. Kazi yake kubwa, kwa mujibu wa kitabu cha maelekezo, ni kupima uzito: yaliyotoka juu na yaliyorudi chini. Tofauti inaandikwa kiooni. Rahisi. Nilitundika mifuko, nikatundika bakora hapo karibu nipate kukunja mikono ya kanzu, nikabonyeza kitufe kwa kidole cha shahada. Mashine ikanguruma kwa adabu.

Nikachukua bakora nimwonyeshe Sista Praxeda namba kiooni. Nilikuwa nimeanza tu kusema, “Tazama hapa.”

Ikalia! Mara tatu tatu, sauti kama ya ndege aliyebanwa mlangoni. Taa nyekundu. Kioo kikaandika kwamba maji yamepotea ghafla: 640.

Tulitazama sakafuni. Pakavu. Tulitazama ndooni. Sawasawa. Nilizima, nikawasha, nikaanza upya, nikaeleza upya. Ikalia. 640. Mara ya tatu: 640. Namba haiyumbi. Maradhi yenye nidhamu namna hii sijapata kuyaona.

Adhuhuri nilikwenda kuswali. Niliporudi Praxeda aliniarifu kwamba wameiendesha saa nzima bila mimi na haikutoa hata mlio mmoja. Niliingia, nikajiweka tayari, nikaanza kueleza. Ikalia.

Akasema labda mashine inanionea haya, Mzee Injinia. Mpishi aliyekuwa akipita koridoni akacheka. Nilimjibu kwamba vyombo vya aina hii vina wepesi wa kuhisi. Moyoni nikawaza: unahisi nini, ewe chombo? Umejuaje?

Ili siku isipotee kabisa, nilifanya kazi ninayoiweza. Dokta aliomba maelekezo ya Kiswahili ya kubandika ukutani. Niliyaandika kwa hati yangu nzuri, mistari tisa, kalamu ya wino. Mstari wa nne: “Kulabu za juu ni za mifuko ya maji tu.” Mstari wa saba: “Alamu ikilia, simama kwanza, kisha tafuta sababu.” Kila mtu aliisifu hati. Nilijiona mtu kwa muda wa dakika kumi.

Jumatano, 6 Agosti

Wamemwita Tadeo.

Tadeo! Alikuwa karakana ya reli hadi alipostaafu, sasa anatengeneza mafriji ya watu pale Ngamiani. Rika langu. Mikono kama makasia. Tukikutana kwenye kahawa huniita Sheikh wa Muscat na kuniuliza kama ngamia wangu amekwishakula. Nami humuuliza habari za treni, naye anajua hakuna anayeipanda. Siku zote tunakwenda sare.

Leo alifika na mfuko wa vifaa uliochakaa kwa matumizi. Alimwamkia Dokta, akaitazama mashine kwa muda mrefu, halafu akasema neno ambalo sikulitegemea kwa fundi yeyote: hii siijui. Hivyo hivyo, mbele ya wanawake! Akasema mimi ndiye mwenye elimu yake, yeye atashughulika na umeme wa chumba, na kama Injinia ataona inafaa, wapigiwe wauzaji wa Dar watume mtu wao.

Nilisema hakuna haja. Nikasema nitawasiliana na wenzangu Muscat.

Wenzangu ni Muhanad, mpwa wa marehemu mke wangu. Anatengeneza injini za magari, lakini ni mhandisi kweli, ana cheti ukutani. Nilimtumia ujumbe wa maandishi, nikamweleza dalili zote na ile 640. Jibu lilikuja kwa sauti. Nikabonyeza. Sijui nilibonyeza nini, maana sauti ilitoka kwa nguvu ya msikiti. Muhanad, kwa upole wake wote, anauliza: Ami Amur, mbona waniuliza mimi mambo ya hospitali, na wewe je, si ulikuwa stoo, ukitoa maboksi? Tangu lini wamekupa mashine?

Praxeda alikuwa nje, alhamdulillahi. Tadeo alikuwa amepiga magoti kwenye soketi, hatua mbili kutoka kwangu.

Nilingoja kicheko. Hakikuja. Alikaza skrubu yake hadi mwisho, akasimama kwa kujishika kiuno, akafuta mikono. Akasema simu za siku hizi hazisikiki vizuri, maneno yanakatika katika. Akatoka.

Angecheka! Angecheka ningemchukia, nikapumzika. Badala yake nimekaa na wema wa Tadeo tumboni kama ugali wa jana.

Usiku Mboni alikuwa akisahihisha madaftari amelaza kichwa juu ya meza. Midomo imepauka. Aliniuliza mashine inaendeleaje. Nikasema inanisikiliza.

Alhamisi, 7 Agosti

Dokta Shadya amesema wazi. Mtu wa Dar hawezi kufika kabla ya siku kumi. Mashine isiyoaminika hataitumia kwa mgonjwa. Ikilia leo tena bila sababu, basi Mboni atapelekwa Dar kwa basi. Saa sita au saba barabarani, kwa mwanamke ambaye jana alishika ukuta kutoka chumbani hadi bafuni. Au atapasuliwa tumbo hapa hapa, na kwa damu aliyobakiwa nayo Dokta hapendi hata kulifikiria.

Nilitoka nje nikavuta hewa. Ndipo wazo likanijia. Naliandika lilivyo, bila kulipamba.

Nikaomba niachwe peke yangu na mashine kwa robo saa, kwa ajili ya marekebisho ya ndani. Nikapewa. Upande wa nyuma, chini, pana vitundu vidogo ambamo sauti hutokea. Nilivijaza pamba. Juu ya pamba nikabandika plasta pana ya vidonda, nikaipaka wino ifanane na rangi ya bati. Taa nyekundu niliifunika kwa karatasi ndogo niliyoiandika kwa hati nzuri: IMEKAGULIWA, na herufi ya jina langu.

Kisha nikawaita. Nikatundika mifuko, nikajiweka tayari, nikaanzisha. Nikachukua bakora. Nilijua kwamba ndani ya kifua chake ilikuwa ikilia. Nilisimama mbele ya kioo, nimetanua kanzu kama pazia. Dokta alisikiliza kutoka mlangoni, akiwa na simu sikioni na mgonjwa mwingine akimvuta koti. Kimya. Akanionyesha dole gumba. Jumamosi, saa mbili asubuhi.

Praxeda aliitazama karatasi ya IMEKAGULIWA. Akasema hati nzuri, kama kawaida.

Nilipita shuleni kumpa Mboni habari, maana amekataa kulala nyumbani. Alikuwa amekaa chini ya ubao, wanafunzi wakihesabu kwa sauti. Alilia kidogo, akajifuta haraka watoto wasione. Akasema: “Mjomba, Mungu alikurudisha kwa sababu.” Wanafunzi wote wakasimama wakaniamkia. Shikamoo arobaini na tano kwa mpigo mmoja.

Marahaba, nikasema. Marahaba! Ulimi haukuungua.

Ijumaa, 8 Agosti

Sikulala. Alfajiri nilifungua kitabu cha maelekezo, si kwa ajili ya elimu, kwa ajili ya kutafuta usingizi. Ukurasa wa thelathini na moja. Unasema maji yasiyorudi chomboni hayajapotea. Yameingia kwenye damu ya mgonjwa. Yakizidi, yanajaa mapafuni, yanavimbisha ubongo, mgonjwa hawezi kusema kwa kuwa amelala, na daktari hawezi kuona kwa kuwa macho yake yako kwenye picha ya kamera. Katika chumba kizima, mwenye kujua ni mashine peke yake.

Nilisoma mara tatu. Ya tatu niliisoma kwa sauti.

Na haya nilikwisha kuyasoma! Jumanne niliyafasiri mwenyewe. Mstari wa saba. Nilikuwa nikishughulika na mkunjo wa herufi.

Hata hapo, naandika kwa aibu, jambo la kwanza nililolifikiria halikuwa kukiri. Lilikuwa kuchomoa pamba bila mtu kujua. Baada ya sala ya Ijumaa nilikwenda kliniki. Praxeda alikuwa ameosha chumba kwa dawa na kukifunga, hakiingiwi na mtu hadi kesho. Nikamwambia nimesahau miwani yangu ndani. Alinitazama usoni kwa utulivu mkubwa. Akauliza kama nina miwani mingine, mbali na hiyo niliyoivaa.

Basi nikaenda kwa Dokta. Alikuwa mezani, Tadeo juu ya stuli akimfungia stabilaiza ya umeme. Nilitaka nimwombe Tadeo atoke, nikaacha. Nikayasema yote mbele yake. Gurudumu la Jumatatu. Stoo. Pamba. Plasta. Wino.

Dokta hakupiga kelele. Angepiga kelele ingenisaidia. Aliuliza swali moja tu, kama Mboni anajua. Nikasema hajui. Kisha akasema wakati wa kunikasirikia utakuja, sasa anataka kujua mashine ina nini, kwa hiyo twende, na nifanye kila kitu vile vile ninavyofanya siku zote, nisiache hata kimoja.

Praxeda alichomoa pamba kwa koleo, akiiweka kwenye trei kipande kwa kipande kama kitu kilichotolewa kwa mgonjwa. Nilitundika mfuko wa kwanza. Wa pili. Nilitundika bakora. Nilikunja mikono ya ka—

“Hapo hapo!” akasema Praxeda.

Wote walikuwa wakitazama kulabu. Mimi nilikuwa nikiwatazama wao, nikijiuliza kuna nini.

Kulabu ndiyo mizani. Nilipoanzisha mashine, ilihesabu bakora kuwa maji. Nilipoichukua bakora, ikaona maji mengi yameondoka kwa mkupuo na hayakurudi, ikapiga ukelele kama ilivyofundishwa. Siku nne chombo kile kimekuwa kikisema kweli tupu. Praxeda aliilaza bakora kwenye mizani ya vichanga. Gramu mia sita na arobaini. Akaenda ukutani, akasoma mstari wa nne kwa sauti ya mtu anayesoma risala: “Kulabu za juu ni za mifuko ya maji tu.” Akasifu hati.

Tadeo alicheka hadi akashika fremu ya mlango. Akasema yeye miaka thelathini ya reli hajapata kuona fundi ambaye yeye mwenyewe ndiye hitilafu. Akaniita Sheikh kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. Nilimshukuru moyoni.

Dokta akasema nisikanyage tena ndani. Kesho nikitaka kungoja, ningoje barazani. Kuhusu Mboni, yeye hatamwambia kitu. Nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, akipona.

Barazani. Niliondoka pale nina miaka minane, nimerudishwa nina sabini na minne. Na Mgiriki yule, angalau, hakuwa na sababu; Dokta anayo.

Jumamosi, 9 Agosti

Mboni aliingia saa mbili kasoro, amevaa gauni la kijani la kufungwa nyuma, akalishikilia kwa mkono mmoja na kunipungia kwa mwingine. Akauliza kwa nini sikai ndani na mashine yangu. Nikasema leo ina watu wake.

Nilikaa kwenye benchi. Tadeo alikuja na chupa ya chai bila kuitwa. Dirisha la chumba cha upasuaji ni lile la pembeni, lina kioo cha ukungu, na chini yake pana maua ambayo mtu amesahau kuyamwagilia. Niliyahesabu. Kumi na manne.

Saa tatu na dakika ishirini ikalia.

Mara tatu tatu. Sauti ile ile. Nilisimama. Jambo la kwanza nililotafuta ni bakora: ilikuwa mkononi mwangu. Hapakuwa na bakora ndani. Hapakuwa na pamba. Hapakuwa na mimi. Ilikuwa inalia kwa ajili ya kitu cha kweli.

Nilisikia sauti ya Dokta, neno moja. Kisha vyuma vikiwekwa. Kisha miguu ikienda haraka. Alamu ikakatwa. Baada ya hapo kimya, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko mlio. Tadeo alinishika kiwiko, nikagundua kwamba nilikuwa nimeanza kuelekea mlangoni. Niliomba dua bila mpangilio, za safari zikachanganyika na za kula. Nilimwambia Mwenyezi Mungu nitasema kweli kwa kila mtu, mmoja mmoja, hadi Horohoro mpakani, nikianzia kwa watoto arobaini na watano.

Dokta alitoka saa nne na robo. Kofia ya karatasi imelowa jasho. Alikaa kwenye benchi, kati yangu na Tadeo, akaomba chai.

Uvimbe ulikuwa umekwisha kutoka karibu wote, akasema. Ulikuwa na mshipa mkubwa kuliko picha ilivyoonyesha, na kupitia mshipa ule maji yalikuwa yakiingia mwilini haraka mno. Yeye alikuwa ameinamia kioo cha kamera, amebakiza kipande kidogo, anajiambia bado kidogo, bado kidogo. Mashine ikalia: lita moja na nusu, mpaka aliokuwa ameuweka kwa sababu Mboni hana damu ya kutosha. Akasimama. Akatoa kamera. Mtaalamu wa usingizi akampa Mboni dawa ya kutoa maji kwa mkojo. Mapafu safi. Ameamka, ameuliza saa.

Alinywa chai yote. Akasema bila ule mlio angemaliza kile kipande. Hakunitazama alipokuwa akisema. Alisema akiyatazama maua.

Tadeo alijifanya anafunga chupa.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nimekaa na kalamu kwa muda mrefu. Mfuko wa uzazi. Haya, nimeliandika. Mfuko wa uzazi wa binti wa dada yangu ulijaa maji, na mlio uliomwokoa ndio niliouziba kwa pamba kwa sababu ulinifedhehesha. Neno hili niliona haya kulitaja Jumatatu. Lilipaswa kuwa la mwisho katika orodha ya mambo ya kuonea haya.

Jumatano, 13 Agosti

Mboni anatembea uani. Damu imekatika. Midomo imerudiwa na rangi, na ulimi nao umerudi: amenieleza kwamba supu yangu inafaa kupakwa ukutani.

Tangu Jumapili nimekuwa nikijiandaa kumwambia. Niliandika maneno yenyewe kwenye karatasi, mistari minne, nisije nikapotea njiani. Leo, baada ya alasiri, nikavuta kiti. Nikasema, Mboni, kuna jambo kuhusu mashine.

Akasema anajua.

Akasema Sista Praxeda amemweleza jinsi alamu ilivyolia kwa wakati na kumwokoa, na kwamba Injinia alihangaika nayo wiki nzima hadi ikawa inalia kwa sababu ya haki. Praxeda! Sijui ni huruma au ni adhabu. Mboni amekwisha kuwasimulia walimu wenzake. Jumatatu wanafunzi waliniandikia barua, arobaini na tano, zote zinaanza kwa shikamoo. Akanishika mkono. Akaniuliza, jambo gani hilo?

Nikasema nilitaka kumwambia ilikuwa mashine nzuri.

Kesho nitamwambia. Au akishapata nguvu kamili. Dokta alisema akipona, hakutaja tarehe.

Hata hivyo nimebadilika, na ushahidi ulikuja jioni hii hii. Sadalla, binamu yake Mboni mwenye duka la dawa huko njia ya Pangani, alikuja kumjulia hali. Amesikia habari zangu. Friji lake la dawa limeanza kupiga mlio tangu juzi, mlio usiokoma, na ndani mna dawa za sukari za wazee sita wa kijijini kwake. Akaniomba nikalitazame.

Nilikataa. Nilikataa wazi, bila kupepesa. Nikasema hiyo si kazi yangu. Akanisihi. Nikakataa mara ya pili! Nilihisi wepesi kifuani ambao sikuuhisi tangu ujana. Ningeweza kuishi hivi, nikafikiri, nikikataa kila siku.

Sadalla akasema haidhuru, ananielewa, mimi ni mtu wa mashine kubwa. Kesho atapita Ngamiani amchukue Tadeo. Amesikia kwamba kwa mafriji hakuna anayemfikia Tanga nzima.

Tanga nzima!

Nikamuuliza nani amesema hivyo. Akasema kila mtu. Mboni naye akaitikia kwa kichwa.

Nimemwambia Sadalla anipitie kesho saa mbili. Kwani friji ni nini? Ni kabati lenye baridi.